Ubwiri Unga na Lishe ya Jani la Mforosadi

Ubwiri unga ni ugonjwa wa mimea unaoletwa na kuvu zinazotandaza vumbi jeupe juu ya jani, chipukizi au ua. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hawana haja ya kufafanuliwa neno hili: mikorosho inapochanua kuanzia mwezi Juni, hupuliza salfa ili maua yasinyauke kabla ya kufunga tunda. Kwa mforosadi wa Morogoro mambo ni tofauti. Mti huu, ambao wengine huuita malberi, hutoa matunda, majani ya kulisha mbuzi na ng'ombe, na majani ya viwavi wa hariri. Lakini jani likipata ugonjwa wowote, huambiwa lina “ukungu”, na mkulima hutumwa dukani kununua “dawa ya ukungu”.

“Ukungu” ni neno zuri lenye kazi nyingi mno. Ndilo jina la wingu linaloshuka asubuhi kwenye milima ya Uluguru, la uozo wa mkate uliolala, na la magonjwa ya mazao. Anayeishi Kinole au Matombo, upande wa mashariki wa milima ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ataamini kwa urahisi kwamba ukungu wa jani huletwa na ukungu wa hewa. Kwa kutu na madoa ya majani hayuko mbali na ukweli, kwa sababu spora za kuvu hizo huhitaji jani lililolowa ndipo ziote. Ubwiri unga hauna masharti hayo. Spora zake huota bila tone la maji juu ya jani, na mvua kubwa huziosha. Unachopenda ni hali ya ubaridi, kivuli na hewa yenye unyevu wa wastani. Kwa hiyo mwenye miforosadi Mgeta, upande wa magharibi ulio mkavu zaidi, asistarehe masika yakiisha. Kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ndicho kipindi cha kugeuza majani na kuyakagua kwa chini.

Kwa chini, kwa sababu kuvu ya jenasi Phyllactinia, inayoushambulia mforosadi, hujikita zaidi upande huo. Nyuzi zake hupenya kwenye vitundu vya kupumulia vya jani, zikafika ndani na kufyonza sukari na chakula kingine. Juu jani laweza kuonekana la kijani, lakini thamani yake ya lishe imeanza kushuka.

Thamani ya lishe ni kiasi cha virutubishi vilivyomo kwenye chakula na jinsi mlaji anavyoweza kuvimeng'enya. Kwa mforosadi, kirutubishi kinachotafutwa kwanza ni protini. Maabara hupima nitrojeni yote iliyomo kwenye jani, ikazidisha kwa 6.25, na jibu likaitwa protini ghafi. Ni ghafi kwa kuwa si nitrojeni yote hiyo imo kwenye protini halisi. Jani zima la mforosadi likikaushwa huwa na protini ghafi kati ya asilimia 15 na 28, kiwango ambacho nyasi nyingi za kiangazi hazikikaribii. Likipata ubwiri unga au kutu, protini hupungua, sukari hupungua, rangi ya kijani hufifia na maji hukauka upesi.

Mbuzi wa maziwa, kama wale wa asili ya Norway waliopelekwa Mgeta miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, anaweza kufidia upungufu huo kwa pumba au majani mengine. Kiwavi wa hariri hana pa kufidia. Hali kingine ila jani la mforosadi, hanywi maji, na unyevu wote wa mwili wake hutoka kwenye jani hilohilo. Hupitia hatua tano za ukuaji, na zaidi ya asilimia 80 ya chakula chake hukila katika hatua ya mwisho, anapojaza tezi za hariri. Hariri yenyewe ni protini. Jani hafifu katika siku hizo humfanya ale kidogo, akue polepole na asokote kifukofuko chepesi.

Hapa “ukungu” hupotosha tena. Viwavi wanaweza kuugua kuvu yao wenyewe, Beauveria bassiana, inayowaua na kuwaacha wakavu na weupe kama chokaa. Jina hilo linamkumbuka Agostino Bassi, Mwitalia aliyeonyesha mwaka 1835 kwamba ugonjwa huo huambukizwa na kiumbe hai. Kuvu hiyo si ile ya jani. Mfugaji anayeziita zote ukungu anaweza kunyunyizia miti dawa huku maambukizi yamo bandani, kisha akawalisha viwavi majani yenye sumu.

Ndiyo maana lugha ya korosho yafaa kuhamia kwenye mforosadi. Majina yake hutokana na kinachoonekana: ubwiri unga huacha vumbi jeupe kidoleni, kutu huacha vumbi la rangi ya kahawia, na ubwiri vinyoya, unaojulikana kwenye matango na zabibu, huota manyoya ya kijivu chini ya jani. Tofauti hiyo ina fedha ndani yake, maana salfa hukinga ubwiri unga lakini haiwezi ubwiri vinyoya. “Kuvu” libaki kuwa jina la kiumbe, “ukungu” tuuachie milima na mikate. Bwana shamba akiandika “ubwiri unga”, mkulima ajue la kufanya: apogoe matawi ili mwanga uingie, apande kwa nafasi, avune majani kabla hayajakomaa kupita kiasi kwa kuwa makuukuu ndiyo hushambuliwa zaidi, na akipuliza dawa asubiri muda ulioandikwa kwenye kibandiko kabla ya kumpa kiwavi hata jani moja.