ISDN haijafa, imehamia Turkana

Leo tuache kidogo habari za programu mpya, turudi nyuma miaka kama hamsini. Nataka tuzungumzie teknolojia ambayo nchi tajiri ziko mbioni kuizika, nayo ni laini ya simu ya kidijitali, maarufu kama ISDN. Japani ilifunga huduma ya data ya ISDN mwaka 2024. Uingereza imepanga kuzima ya kwake pamoja na simu za waya za zamani ifikapo Januari 2027. Ukisoma habari hizo utadhani shughuli imekwisha. Mimi nasema bado, na ushahidi wangu uko Lodwar, Kakuma na Kaaleng, sehemu ambazo watu wengi hawajawahi kuwa na simu ya waya nyumbani.

Twende polepole, maana ili kuelewa Turkana inabidi kwanza tuelewe waya.

Sauti inageuzwa kuwa namba

Mwaka 1937 mhandisi Mwingereza aliyeitwa Alec Reeves, akifanya kazi Paris, alipata wazo la kuipima sauti mara nyingi kwa sekunde na kutuma vipimo hivyo kama namba, badala ya kutuma sauti yenyewe. Wakati huo vifaa vya kufanya kazi hiyo kwa bei nafuu havikuwapo, wazo likalala. Transista ilipokuja ndipo likaamka. Mwaka 1962 kampuni ya Bell kule Marekani ilianza kutumia laini za T1 zenye njia 24 za sauti. Ulaya wakachagua mpangilio wao, E1, wenye nafasi 32, ambapo 30 ni za sauti, moja ya kulinganisha saa na moja ya ishara. Kenya nayo ilifuata mpangilio wa Ulaya.

Hesabu yake ni rahisi. Sauti inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8. Zidisha, unapata biti 64,000 kwa sekunde. Zidisha tena kwa nafasi 32, unapata megabiti 2.048. Ikumbuke hiyo 64, kwa sababu tutakutana nayo tena jangwani.

Makanga na abiria

Zamani ishara za kupanga simu (nani anampigia nani, simu imekatwa au la) zilipita njia ile ile ya sauti. Marekani vijana wajanja waligundua kwamba ukipiga mluzi wa hezi 2,600 mtambo unadhani simu imekwisha, kisha unaendelea kupiga bure. Wahandisi wakaona hapana, ishara lazima ziwe na njia yake. Mwaka 1980 ikaja SS7, lugha ambayo mitambo ya simu huitumia kuzungumza yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 1984 mapendekezo ya kwanza ya ISDN yakapitishwa, na wazo hilo hilo likaletwa mpaka nyumbani kwa mteja.

Laini ndogo ya ISDN ina njia mbili za B, kila moja kilobiti 64, na njia moja ya D ya kilobiti 16. Fikiria matatu. B ni viti vya abiria, D ni makanga pale mlangoni. Yeye ndiye anayejua nani anapanda, nani anashuka wapi na kiti kipi kiko wazi. Na kuna jambo moja la muhimu sana: hata viti vyote vikijaa, bado unaweza kumpa makanga bahasha akuletee mjini. Bahasha haihitaji kiti.

Mimi naona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika ISDN. Watu waliinunua kwa ajili ya kasi ya B, na kasi hiyo ilipitwa haraka na DSL. D ndiyo iliyodumu.

Kenya ilivyoruka waya

Hapa kwetu ISDN ilikuwa ya maofisi na mabenki ya mjini. Shirika la posta na simu, KPTC, lilipogawanywa mwaka 1999 na Telkom Kenya kuzaliwa, nchi nzima ilikuwa na laini za waya kama laki tatu tu, kwa watu wanaokaribia milioni 30. Kuomba simu ya nyumbani ilikuwa ni kusubiri. Ukiwa Turkana hukuwa hata na sababu ya kuomba.

Lakini huko Ulaya kazi nyingine ilikuwa imeanza. Mwaka 1982 iliundwa kamati ya kutengeneza simu moja ya mkononi kwa bara zima, nayo ndiyo iliyozaa GSM. Wale wahandisi hawakuanza na karatasi tupu. Walichukua ISDN, wakaondoa waya. Ukifungua nyaraka za GSM utakuta hatua za kuanzisha simu ni zile zile za ISDN, na itifaki ya kupitisha ishara hewani inaitwa LAPDm, mtoto wa LAPD inayoendesha njia ya D. Simu ya kwanza ya kibiashara ya GSM ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991.

Hata ile 64 ilibaki. Sauti ya GSM imebanwa kiasi cha kutosha katika kilobiti 16, kwa hiyo nafasi moja ya kilobiti 64 inabeba simu nne. Ndiyo maana kwa miaka mingi mnara wa mbali uliunganishwa na mtambo mkuu kwa E1 moja tu, juu ya maikrowevu au setilaiti. Pale ambapo kila kilobiti cha setilaiti ni pesa, ubahili huo uliamua kama mji mdogo utapata mnara au utasubiri.

Bahasha za makanga

Ujumbe mfupi, SMS, ni bahasha ya makanga. Unapita katika njia ya ishara, si ya sauti. Nafasi yake ni baiti 140, na kwa kuwa herufi moja inachukua biti 7 unapata herufi 160. Wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. USSD, yaani zile namba zinazoanza na nyota na kuishia na reli, nayo inapita humo humo, ila yenyewe ni mazungumzo ya papo kwa papo na ina nafasi ya herufi 182.

M-Pesa ilipoanza tarehe 6 Machi 2007 haikuhitaji intaneti kwenye simu ya mteja. Menyu ilikaa ndani ya laini yenyewe, na maagizo yakasafiri kwa SMS zilizofichwa kwa siri. Mulika mwizi ikageuka benki.

Sasa twende Turkana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 katika eneo la zaidi ya kilometa za mraba 68,000. Ni kama watu 14 kwa kilometa moja ya mraba, na wengi wao ni wafugaji wanaohama. Lodwar ina watu 82,970, na Kakuma ina kambi ya wakimbizi tangu 1992. Ukiiacha miji hiyo na kwenda kaskazini kuelekea Kaaleng na Kaikor, nafasi kati ya boma na boma inakuwa kubwa sana. Mnara wa GSM, kwa jinsi saa zake zilivyopangwa, unaweza kumhudumia mtu aliye umbali wa hadi kilometa 35 kama hakuna mlima katikati. Kabambe ikitumia masafa ya 900 inarusha hadi wati 2, na betri yake inakaa siku kadhaa. Kwa mchungaji ambaye anachaji simu kwa sola ya duka, hiyo si anasa.

Kakuma ndipo bahasha hizi zilipobeba chakula. Mwezi Agosti 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianzisha Bamba Chakula pamoja na Safaricom. Familia ya mkimbizi ilipewa laini maalumu, na kila mwezi sehemu ya mgao ikaja kama pesa ndani ya simu, ya kununulia chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Mama akachagua mwenyewe kama ni maharagwe au maziwa, badala ya kupokea kile kilichomo guniani. Mpango ule ulijengwa kwa ajili ya simu ya vibonye.

Tusidanganyane, mtandao haukufika kila mahali. Mpango wa serikali wa kupambana na njaa, HSNP, ulipoanza kulipa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera mwaka 2009, ulitumia kadi zenye alama za vidole ambazo wakala aliweza kuzisoma hata pasipo mtandao.

Nini kiko hatarini

GSM ina ubovu wake. Usimbaji wake wa zamani, A5/1, umevunjwa miaka mingi iliyopita. Simu inajitambulisha kwa mnara, lakini mnara haujitambulishi kwa simu, kwa hiyo mnara bandia unaweza kuidanganya. Njia ya ishara iko mikononi mwa kampuni ya simu: mwandishi wa programu hawezi kuingia humo bila ruhusa yake na bei yake. Halafu kuna lugha. Kiswahili na Kisomali vinaenea vizuri katika biti 7. Mkimbizi Mwethiopia anayeandika kwa herufi za Kiamhari, au Msudani anayeandika Kiarabu, anapata herufi 70 tu kwa ujumbe, kwa pesa ile ile.

Kwingineko wameshazima. Telstra ya Australia ilizima 2G mwishoni mwa 2016, AT&T ya Marekani mwanzoni mwa 2017. Sababu yao inaeleweka: masafa yale yale yakitumiwa na 4G yanabeba data nyingi zaidi. Siku moja hoja hiyo itasikika Nairobi, na itakuwa na grafu nzuri. Ataulizwa nani? Mtu wa Kaaleng hayumo kwenye grafu ya data, kwa sababu yeye hatumii data. Anatuma bahasha.

Wengine wataniambia Starlink ipo Kenya tangu 2023. Kweli, na ni kitu kizuri kwa shule au zahanati. Lakini dishi halikai mfukoni kwa mchungaji. Ningependa zaidi kuona setilaiti hizo zikilisha minara midogo ya 2G na 4G pamoja. Siku hizi mnara hauhitaji tena E1 halisi. Mazungumzo yake yanafungwa ndani ya pakiti za intaneti, na kabambe kule mwisho haijui tofauti.

Kwa wenzangu tunaoandika programu, ombi langu ni dogo. Kabla hujatengeneza programu ya simu janja kwa ajili ya zahanati, soko la mifugo au malipo ya kaunti, jiulize kama kazi hiyo inaenea katika herufi 182. Mimi huandika menyu ya USSD kwanza, naijaribu kwenye kabambe, ndipo nafikiria mengine. Mara nyingi inaenea. Salio, bei ya mbuzi, siku ya chanjo, jina la wakala aliye karibu: hakuna hata kimoja kinachohitaji picha. Na siku wakubwa watakapokaa kuzungumza kuhusu kuzima 2G, wapelekee orodha ya huduma zinazoitegemea, moja moja, pamoja na idadi ya wanaozitumia.

Haya, tuonane tena.