Msimu wa Henry Rono: Rekodi nne za dunia kwa siku 81

Mwanariadha Henry Rono, aliyefariki jijini Nairobi mnamo Februari 15, 2024 akiwa na umri wa miaka 72, hukumbukwa kwa rekodi nne za dunia alizoweka mwaka 1978 katika muda wa siku 81. Lisilotajwa sana ni kwamba mbili kati ya rekodi hizo aliziweka akiwa amevalia fulana ya chuo katika mashindano nchini Marekani.

Rono alizaliwa Februari 12, 1952 katika kijiji cha Kiptaragon, wilayani Nandi. Wakati huo wote wa ujana wake, Nandi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Bonde la Ufa, ambao makao yake makuu yalikuwa mjini Nakuru hadi mfumo wa mikoa ulipoipisha serikali za kaunti mwaka 2013. Nyanda hizo za juu zilikuwa zimekwisha kumtoa Kipchoge Keino, na pia Mike Boit, aliyeshinda medali ya shaba ya mbio za mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 na kusomea Chuo Kikuu cha Eastern New Mexico.

Mwaka 1976 Rono alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichotarajiwa kushiriki Olimpiki ya Montreal. Kenya, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, ilisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka huohuo akajiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, katika mji mdogo wa Pullman, chini ya kocha John Chaplin. Huko alimkuta Mkenya mwenzake, Samson Kimombwa, ambaye mwaka 1977 aliivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Helsinki.

Inafaa kueleza jinsi msimu wa chuo unavyokwenda, kwa kuwa ndio uliomjenga Rono na ndio pia uliomchosha. Katika vyuo hivyo, mchezo unaojaza viwanja ni futiboli ya Kimarekani. Riadha huja nyuma kabisa. Hata hivyo mwanariadha anayelipiwa karo hana likizo ndefu. Majira ya vuli ni ya mbio za nyika, ambapo nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa kila timu hujumlishwa na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Wakati wa baridi hukimbiwa ndani ya majumba. Machipuko yakifika, timu hutoka uwanjani, na vyuo viwili vinapopambana mshindi wa kila shindano huipa timu yake pointi tano, wa pili tatu, wa tatu moja. Kocha mwenye mkimbiaji kama Rono huwa na kishawishi cha kumwingiza katika mbio mbili au zaidi siku moja, na ni wachache walioshinda kishawishi hicho.

Rono alitwaa ubingwa wa vyuo wa mbio za nyika mwaka 1976 na tena 1977. Machipuko ya 1978 ndiyo yaliyowashtua watu.

Aprili 8, mjini Berkeley, California, mbele ya watazamaji wachache, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4. Rekodi ya Dick Quax wa New Zealand ilikuwa 13:12.9. Kupunguza zaidi ya sekunde nne kwa mkupuo mmoja, bila mpinzani wa kumsukuma, ni jambo ambalo hata leo lingezua mjadala. Mei 13, mjini Seattle, akaishukia rekodi ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji iliyowekwa na Anders Gärderud wa Sweden katika Olimpiki ile ambayo Rono alinyimwa. Gärderud alikuwa ametumia 8:08.0, Rono alitumia 8:05.4.

Mwanzoni mwa Juni alikwenda Eugene, Oregon, kwa fainali za vyuo, akashinda mbio za kuruka viunzi na maji kwa 8:12.39. Ubingwa wa timu uligawanywa mwaka huo baina ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles na Chuo Kikuu cha Texas, El Paso.

Hakupumzika. Juni 11 alikuwa Vienna, Austria, akiifuta rekodi ya Kimombwa ya mita 10,000 kwa 27:22.4, sekunde nane pungufu. Juni 27, mjini Oslo, alimaliza mita 3,000 kwa 7:32.1 na kumvua rekodi Mwingereza Brendan Foster. Kisha akaitikia wito wa nchi: dhahabu mbili katika Michezo ya Afrika mjini Algiers, na nyingine mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada, mwezi Agosti.

Baada ya hayo yote, chuo kikamtaka tena kwa mbio za nyika. Novemba 1978, mjini Madison, Wisconsin, bingwa mara mbili alimaliza wa 237. Mshindi alikuwa Alberto Salazar wa Oregon, na timu ya El Paso, iliyotegemea sana wakimbiaji wa Afrika Mashariki, ikatwaa kombe. Mwaka uliofuata Rono alirudi akamshinda Salazar na kutwaa ubingwa wake wa tatu.

Si wote waliofurahia. Baadhi ya Wamarekani walilalamika kwamba wageni wenye umri mkubwa, kama Rono aliyekuwa na miaka 26 mwaka huo, waliwanyima vijana wao nafasi, na baadaye kanuni za umri zikakazwa. Lalamiko hilo lilikuwa na ukweli kiasi, lakini lilisahau kuwa vyuo vyenyewe ndivyo vilivyowatafuta.

Mwaka 1980 Kenya ilisusia Olimpiki ya Moscow pia, na Rono hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Aliboresha rekodi yake ya mita 5,000 hadi 13:06.20 huko Knarvik, Norway, mwaka 1981, wakati ulevi ulikuwa tayari umemwandama. Miaka iliyofuata aliishi Marekani kwa vibarua, kuosha magari kukiwamo, kabla ya kuacha pombe, kufundisha wakimbiaji na kuandika kitabu cha maisha yake mwaka 2007.

Njia aliyoipita haikufungwa. Mwaka 1988 Peter Rono wa Nandi na Paul Ereng, wote wakiwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, walishinda dhahabu mjini Seoul. Rekodi ya viunzi na maji ilidumu hadi 1989, ilipovunjwa mjini Stockholm na Peter Koech, naye Mkenya aliyepitia Pullman, kwa 8:05.35. Miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, hadi Rono alipofariki, hakuna aliyekuwa ameufikia muda wa Seattle.