Njia ya Mtafuta Wanafunzi

Kila mwaka kabla ya mtihani wa kidato cha sita, katika mabasi yanayotoka Tanga kwenda Korogwe na Lushoto hukosi kumwona mtu aliyepakata begi zito la vipeperushi. Huyo ni afisa udahili. Ametumwa na chuo kikuu fulani kupita shule kwa shule, kuwashawishi vijana wajaze fomu za chuo chake na wasijaze za chuo kingine. Wengi hudhani kazi hiyo ni ya juzi. Mimi nasema Tanga imewajua watafuta wanafunzi kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini, na historia yao inatueleza mengi juu ya nani alisoma katika mkoa huu na nani hakusoma.

Tuanze na neno lenyewe, chuo. Hapa pwani, kabla Mzungu hajatia nanga, chuo kilikuwa mahali mtoto alipopelekwa kusoma Kurani, na mwanachuoni alikuwa mtu wa elimu anayeheshimiwa mtaa mzima. Barua za biashara, hati za mashamba na mashairi viliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo Mjerumani alipokuja kusema analeta elimu, alikuta watu ambao tayari walikuwa na elimu, na waliojua kuuliza: elimu ya nani, na kwa kazi gani?

Shule ya serikali ya Wajerumani ilifunguliwa Tanga miaka ya mwanzo ya 1890, nayo ikawa ya kwanza ya serikali katika koloni lao lote la Afrika Mashariki. Haja yao ilikuwa dhahiri. Walihitaji makarani wa boma, watu wa forodha, wakalimani na walimu, na mwaka 1893 ujenzi wa reli ulianza hapa hapa mjini kuelekea bara. Gavana von Soden alitaka shule isiyofungamana na kanisa lolote, akawa tayari hata kuruhusu somo la dini ya Kiislamu, maana alijua bila hivyo wazee wa mji wasingetoa watoto wao. Wamisionari walikuja juu.

Hata hivyo madawati hayakujaa kwa hiari. Mtafuta wanafunzi wa zama hizo alikuwa akida au jumbe, na nyuma yake boma. Hakuwa na kipeperushi. Mzazi aliyesitasita alijua anasitasita mbele ya nani. Polepole watoto wakaanza kuletwa pia kutoka bara, wakalala bweni, na waliohitimu wakapelekwa vijijini kufundisha shule ndogo, au wakawa maakida wenyewe.

Nadhani baada ya muda shule ile ilijitangaza yenyewe kuliko akida alivyoweza kuitangaza. Ilikuwa na bendi ya tarumbeta. Ilikuwa na kiwanda cha uchapaji ambamo vijana walijifunza kazi, na humo ndimo lilimochapishwa gazeti la Kiongozi mpaka vita ilipoingia. Fikiria baba wa Usambara au wa Uzigua anamsikia mtoto wa jirani akisoma gazeti lenye habari za mtu anayemjua, karani wa kituo cha mbali. Hapo haja ya kumtisha mzazi inapungua.

Upande wa pili walikuwapo watafutaji wa kanisa. Wamisionari wa UMCA walikuwa Magila, karibu na Muheza, tangu kabla ya Mjerumani, na vijana wa Kibondei walivushwa bahari kwenda kusoma chuo cha Kiungani, Unguja. Hugh Kayamba, Mbondei, alifika kusoma hata Uingereza. Mwanawe, Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891, alikuja kuwa karani mkubwa Tanga, na mwaka 1922 alianzisha hapa mjini chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Huko milimani Usambara Walutheri nao walikuwa wakifungua shule. Kufika mwaka 1914, shule za serikali katika koloni zima zilikuwa na wanafunzi kiasi cha 6,000 tu, na za misheni zilikuwa na zaidi ya 100,000.

Sasa hapa ndipo penye uzito wa hoja yangu. Mzazi Mwislamu wa Moa, wa Tongoni au wa Pangani aliiogopa shule ya misheni, akiona mtoto atarudi na jina jingine. Shule iliyomfaa ilikuwa ile ya serikali. Novemba 1914 Tanga ikapigwa vita mitaani, mwaka 1916 Waingereza wakauteka mji, na utawala uliokuwa umeiweka shule ile ukaondoka na masomo yake. Idara ya elimu ya Waingereza iliundwa mwaka 1920, na kuanzia katikati ya miaka hiyo fedha za serikali zikaanza kuzisaidia shule za misheni. Palipokuwa na misheni palisonga mbele. Pwani ilisubiri. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa jirani, alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926. Yeye alipata pa kwenda. Je, wangapi wa rika lake walibaki na jembe na nyavu?

Miaka ya baada ya uhuru naipita haraka, kwani wengi wenu mnaikumbuka. Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam mwaka 1961 kwa kitivo cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mikoa, ili walioachwa nyuma nao wapate. Kisha Azimio la Musoma, Novemba 1974, likasema kijana asitoke shule moja kwa moja kwenda Chuo Kikuu. Afanye kazi kwanza, na apate sifa njema kutoka kazini na kwenye chama. Mtafuta wanafunzi wa zama hizo akawa mwajiri na katibu wa tawi. Haukupita muda mrefu, wanawake wakaondolewa sharti hilo, maana idadi yao vyuoni ilianza kupungua. Binti akishaolewa na kupata mtoto, nani atampa ruhusa ya kwenda Mlimani?

Afisa wetu wa udahili ni mtoto wa miaka ya karibuni. Sheria ilifungua mlango wa vyuo vikuu binafsi mwaka 1995. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ikaanza kupanga wanafunzi kwa mfumo mmoja wa pamoja. Mwaka 2017 utaratibu huo ukaachwa, waombaji wakaambiwa waombe vyuoni moja kwa moja. Mwaka huo huo vyuo 19 vilizuiwa kudahili wanafunzi wapya. Basi vyuo vikaingia barabarani.

Nilifuatana na mmoja wao kwa siku mbili, chuo chake sikitaji. Ni kijana mpole, mwalimu kwa taaluma. Analala gesti Muheza, anafua shati usiku ili asubuhi liwe safi, anakunywa chai kwa maandazi stendi, kisha anakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule akisubiri ruhusa. Akipewa nusu saa, ni baada ya vipindi, wanafunzi wana njaa. Swali la kwanza ni mkopo, na la pili ni mkopo. Yeye si wa Bodi ya Mikopo, hana la kuahidi. Binti mmoja aliyekaa nyuma akauliza kama kozi hiyo bado itakuwapo atakapofika mwaka wa tatu. Darasa likanyamaza. Kijana akajibu kwamba yeye anaijua ya mwaka huu. Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Akida alitafuta karani, misheni ilitafuta muumini, na huyu ametumwa kutafuta ada. Hesabu yake kazini ni idadi ya fomu. Ndiyo maana anafuata lami: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Lushoto, takriban njia ile ile ya reli iliyofika Korogwe mwaka 1902. Nilimuuliza kuhusu Pangani na vijiji vya Mkinga. Akasema nauli aliyopewa haifiki, na siku zenyewe hazitoshi. Akanionyesha ratiba. Mkinga haikuwamo. Pangani iliandikwa kwa penseli, na mbele yake alama ya kuuliza.