Jiwe la Ivuna ni Mizani ya Dunia

Huko Bashay, Mbulu, nimewahi kuulizwa kama yale mashimo makubwa ya Basotu, wilayani Hanang, yalichimbwa na nyota zilizoanguka. Swali ni zuri, lakini jibu ni hapana. Yale ni mashimo ya volkano. Uji wa moto ulipanda kutoka chini, ukakutana na maji ya ardhini, mvuke ukalipuka na kuipasua ardhi. Hata hivyo, nchi yetu inayo mawe yaliyotoka angani kweli, na mawili kati yake yako katika historia ya mkoa mmoja, Songwe.

La kwanza wengi wanalijua. Ni Kimondo cha Mbozi, kilichoandikwa katika kumbukumbu za wakoloni mwaka 1930. Kina uzito wa tani 16 hivi. Asilimia 90 ni chuma na karibu 9 ni nikeli. Kiko palepale hadi leo.

La pili ni wachache wanaolijua, nalo ndilo lenye sifa kubwa zaidi. Tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka huko Ivuna. Vipande vilivyookotwa havikufika hata kilo moja. Ni gramu 705 hivi. Ni jiwe jeusi, laini, lenye madini ya udongo yaliyoshika maji ndani yake. Wataalamu walipolipima waliona kwamba, ukiacha gesi kama haidrojeni na heliamu, viwango vya elementi zake vinalingana na vya jua lenyewe. Yaani halikuyeyuka wala kuchujwa tangu sayari zilipoumbwa, miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita. Kundi zima la mawe ya namna hiyo, ambayo ni adimu mno, huitwa CI, na hiyo I ni Ivuna.

Wajapani walipoleta gramu 5 hivi za vumbi kutoka asteroidi Ryugu, Desemba 2020, walizilinganisha na jiwe la kwetu, wakakuta ni ndugu. Ryugu imo katika orodha ya zile zinazochungwa kwa sababu njia yake hupita karibu na dunia.

Hapo ndipo faida ilipo. Septemba 2022 Wamarekani walikigonga kwa makusudi kijiasteroidi Dimorphos, na mzunguko wake ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Lakini kupiga chuma kama cha Mbozi si sawa na kupiga udongo kama wa Ivuna. Anayetaka kulisukuma jiwe lisitufikie lazima kwanza ajue limeumbwa kwa nini. Kemia ya mawe, basi, ni sehemu ya ulinzi.

Kinachonisikitisha ni kwamba mwaka 2008 kipande kikubwa cha Ivuna kiliingia katika Makumbusho ya Historia Asilia, London, na wanasayansi wa mbali hulitaja jina hilo kila siku, ilhali mtoto wa Dongobesh au Katesh anaweza kumaliza shule bila kulisikia. Chao wanakienzi, chetu tunakisahau.

Tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi Apophis itapita kilomita 32,000 hivi kutoka kwetu, bila madhara. Walimu wasiingoje siku hiyo. Waanze sasa, na waanzie Ivuna.