Ardhi na Akili Dongobesh: Historia ya Kazi Iliyogawanywa

Kijana wa Mbulu anayerudi nyumbani na shahada ya uzamili ya saikolojia ya ikolojia, taaluma inayochunguza jinsi nafsi ya mwanadamu inavyofungamana na ardhi, maji, miti na wanyama, ataulizwa na wazee wake amesomea kazi gani. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika historia ya nchi yenyewe. Dongobesh, mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Mbulu mjini kwenda Haydom, leo ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu. Kazi anayoitaka kijana huyo ilikuwapo katika nyanda hizi kabla ya halmashauri, kabla ya boma na kabla ya hospitali. Baadaye iligawanywa: nusu ikaenda kwa waganga wa hospitali, nusu ikaenda kwa mabwana miti na mabwana shamba. Asiyejua namna mgawanyo huo ulivyotokea hawezi kuelewa kwa nini ajira za taaluma hii ni chache, wala kwa nini zinahitajika.

Kabla ya miaka ya 1890, kitovu cha Wairaqw, watu wa nyanda hizi, kilikuwa Kainam na vilima vinavyoizunguka. Huko watu walilima mteremko kwa mteremko, wakarutubisha mashamba kwa samadi, wakajenga nyumba za tembe zilizochimbwa nusu ndani ya ardhi ili wasionekane kwa urahisi na wavamizi. Nchi iligawanyika katika maeneo yaliyoitwa aya, na kila aya ilikuwa na wazee wake na mipaka yake. Mwaka ulipokuwa mbaya, wazee walikwenda kwa qwaslare, mtaalamu wa mvua na dawa, naye akawapa dawa ya kuzungushia mpaka ili njaa, maradhi na wachawi wasiingie. Loo'a, mungu wa kike anayehusishwa na jua na mvua, aliombwa kwa ajili ya rutuba. Neetlaang, pepo wakaao kwenye chemchemi na mito, waliogopwa, na woga huo ulizilinda chemchemi kuliko sheria ndogo nyingi zilizokuja baadaye. Familia iliyofiwa au iliyopata msiba fulani iliwekwa katika utengo ulioitwa metimani, kwa sababu iliaminika kuwa uchungu wake ungeweza kuidhuru mvua na mazao ya jirani. Sitaki kuupamba utaratibu huu. Metimani iliwaumiza wengi, hasa wanawake waliopoteza watoto, na kupungua kwake ni nafuu. Lakini katika mfumo ule, msiba wa mtu na hali ya ardhi vilikuwa shauri moja, na mtu mmoja aliyetambuliwa ndiye aliyeulizwa juu ya yote mawili.

Mnamo mwanzo wa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe Afrika Mashariki yote, ikafuatwa na njaa na ndui. Wamaasai, waliokuwa tishio kubwa kwa Wairaqw, walidhoofika. Mahali ambapo watu na mifugo walitoweka, pori lilirudi, na pamoja na pori wakaja mbung'o. Mtafiti Helge Kjekshus alilieleza jambo hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu historia ya ikolojia ya Afrika Mashariki. Utawala wa Wajerumani ulikuta nchi iliyokwisha jeruhiwa. Ulileta kodi, boma na amri, na kwa upande wa akili enzi yake iliacha taasisi moja yenye maana: Lutindi, katika milima ya Usambara, iliyoanzishwa mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha miaka michache baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hapo ndipo mgawanyo ulipoanza. Mgonjwa wa akili angeweza sasa kuchukuliwa kutoka kwenye ardhi yake, akatibiwa kwenye mlima wa watu wengine, bila mtu kuuliza shamba lake limekuwaje.

Waingereza waliukamilisha. Hospitali ya Mirembe huko Dodoma, iliyofunguliwa katika miaka ya 1920, ikawa mahali pa kupelekwa wagonjwa kutoka karibu pande zote za Tanganyika. Wakati huohuo ardhi ilipata maofisa wake. Wairaqw waliendelea kusambaa kutoka Kainam kuelekea kusini, katika nyika ambazo kufyekwa kwa vichaka kulizifungua kwa kuondoa mbung'o, upande wa Dongobesh na hatimaye Haydom. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ilileta mpango wa maendeleo wa Mbulu: kufyeka pori, kupunguza mifugo kwa lazima, kulima kwa matuta ya kuzuia mmomonyoko. Maofisa walipima udongo na kuhesabu ng'ombe kwa bidii ya kweli, na baadhi ya kazi yao ilikuwa nzuri. Lakini kupunguzwa kwa ng'ombe kuliingia katika mahari, fidia, heshima na hofu ya kesho, na hakukuwa na ofisa wa kushughulikia mambo hayo. Naliona pengo hilo kuwa zito kuliko makosa yote ya kitaalamu ya mpango ule.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, ilileta tiba karibu na watu wa Dongobesh kuliko wakati wowote. Baadaye ilikuja kuwa na huduma ya afya ya akili na kliniki ya kifafa, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 utafiti wa kifafa uliofanyika huko umejulikana nje ya nchi. Hata hivyo wagonjwa wengi waliendelea kupita kwa mganga wa jadi njiani kwenda hospitali, na wengine njiani wakirudi. Uhuru nao ulikuja na ahadi kwa maumbile: Septemba 1961 Julius Nyerere alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori, na mwaka 1963 chuo cha Mweka kilianza kufundisha wahifadhi. Mweka kilifundisha wanyama na mapori; vyuo vya tiba vilifundisha mwili na, kwa uchache, akili. Mhitimu wa upande mmoja hakuwa na sababu ya kukutana na mwenzake wa upande wa pili.

Kati ya mwaka 1974 na 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wa Mbulu, kama mamilioni ya Watanzania wengine, kutoka kwenye nyumba zilizotawanyika juu ya mashamba yao kwenda kwenye makazi yaliyopangwa kwa mistari kando ya barabara. Mwanahistoria Yusufu Lawi, aliyeichunguza nchi ya Wairaqw kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2007 makala kuhusu jinsi operesheni hiyo ilivyogusa mwamko wa watu wa mashariki ya nchi hiyo juu ya mazingira yao. Kwa wanaotafuta chimbuko la saikolojia ya ikolojia katika Tanzania, nashauri waanzie hapo. Mtu aliyejua mteremko wake kwa jina la kila jiwe, aliyejua ni kona gani huvuna maji na ni kichuguu gani huashiria mvua, aliwekwa ghafla mahali ambapo ujuzi huo haukuwa na kazi. Hasara hiyo haikuonekana katika takwimu za mavuno peke yake. Ilionekana katika kutojali: mti usio wa mtu yeyote, chemchemi isiyo ya ukoo wowote.

Huko Hanang, wilaya jirani, jeraha lilikuwa la namna nyingine. Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za malisho za wafugaji Wabarbaig. Malisho bora yalilimwa, na njia za ng'ombe zikakatwa. Makaburi ya heshima ya wazee, bung'eda, ambayo jamii nzima huyajenga kwa ibada ya miezi mingi, yalipitiwa na matrekta. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliipa NAFCO ushindi dhidi ya Kijiji cha Mulbadaw katika mgogoro huo wa ardhi. Wataalamu wa ngano walipima magunia, wanasheria wakapima hati. Maana ya kulimwa kwa kaburi la babu haikuwa na mizani yake katika shauri lile.

Wakati haya yakitokea, taaluma yenyewe ilikuwa ikizaliwa mbali. Mwaka 1960 daktari wa akili Harold Searles wa Marekani aliandika kwamba mazingira yasiyo ya kibinadamu ni sehemu ya msingi ya ukuaji wa nafsi. Mwaka 1992 mwandishi Theodore Roszak alichapisha The Voice of the Earth, na jina la taaluma likaenea kutoka hapo. Miaka ya 2000 mwanafalsafa Glenn Albrecht wa Australia aliwasikiliza wakazi wa bonde la Hunter waliozungukwa na machimbo ya makaa ya mawe, akaeleza uchungu wa mtu anayeishi nyumbani kwake huku nyumbani hapo panabadilika hadi pasitambulike. Vyuo vichache, kikiwamo Naropa huko Colorado, vilianzisha shahada ya uzamili. Ni vema mwanafunzi ajue mapema kwamba shahada hiyo kwa kawaida si leseni ya kutibu. Anayetaka kukaa na mgonjwa kliniki huhitaji mafunzo ya saikolojia tiba au ushauri nasaha yanayotambuliwa. Wanaotafakari taaluma hii Marekani huandika mara nyingi juu ya mtu wa mjini aliyepotezana na maumbile. Mkulima wa vitunguu saumu wa Dongobesh hajapotezana nayo. Yeye ana tatizo la mtu anayeyaona maumbile yakibadilika chini ya jembe lake.

Nyumbani, mlango ulianza kufunguka katika miaka ya 1990. Huko Duru-Haitemba, wilayani Babati, vijiji vilivyokuwa karibu kunyang'anywa msitu wao ili uwe hifadhi ya serikali viliachiwa kuulinda vyenyewe, na uzoefu wao ulichangia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliyotambua misitu ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikuwa imetangulia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikafuata. Ikaweka maofisa wa mazingira katika halmashauri na kulazimisha tathmini ya athari kwa miradi mikubwa. Upande wa pili, Sheria ya Afya ya Akili ikapitishwa mwaka 2008. Mkoa wa Manyara wenyewe, wenye Mbulu, Babati na Hanang, ulikuwa umekatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na viti vya kazi, ingawa hakuna kilichoandikwa jina la taaluma hii.

Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, limeonyesha kiti kimoja kinavyokaliwa. Mwaka 2011 Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanya chakula, walipata hatimiliki ya kimila ya ardhi yao kwa msaada wa Ujamaa Community Resource Team, shirika ambalo kiongozi wake Edward Loure alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2016. Mradi wa hewa ukaa wa Carbon Tanzania umewapa mapato kwa kuacha msitu usimame, na mwaka 2019 jamii hiyo ilipata Tuzo ya Equator. Miradi ya namna hii huhitaji mtu anayeelewa miti na anayeelewa watu: namna ugomvi wa malisho unavyozaliwa, namna kijana anavyouona msitu usiomlisha leo. Huhitaji pia mtu asiyewafanya Wahadzabe picha ya maumbile.

Kisha ukaja mlima. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka juu ya Katesh na vijiji kama Jorodom na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan alikatiza ziara yake Dubai, alikokuwa kwenye mkutano wa tabianchi, akarudi. Maofisa ustawi wa jamii walitumwa kutoa msaada wa kisaikolojia, na wataalamu wa miamba walitumwa kueleza mlima. Makundi hayo mawili yalifanya kazi zao kwa bidii, kila moja kwa upande wake. Waathirika walihitaji swali la tatu lijibiwe: utalalaje chini ya mlima huohuo, ambao kwa mababu zako ulikuwa mtakatifu, mvua ya Machi inapoanza tena?

Njia za kazi za kijana wetu ni hizi zilizoachwa na historia. Anaweza kuwa ofisa mazingira wa halmashauri, akiwa na shahada ya kwanza inayomstahilisha. Anaweza kujiandikisha kama mtaalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira, akaleta katika ripoti yale ambayo Mulbadaw hayakupimwa. Anaweza kuongeza mafunzo ya ustawi wa jamii au saikolojia tiba, akafanya kazi na hospitali kama Haydom na katika maafa. Anaweza kuingia katika elimu ya mazingira, kama ile ya Roots & Shoots iliyozaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, au katika miradi ya hewa ukaa na misitu ya vijiji, au akabaki chuoni kufuata njia ya Lawi. Mshahara wa mwanzo mara nyingi utatoka kwa mradi wa miaka mitatu, si kwa serikali, na atalazimika kuieleza kazi yake upya mbele ya kila mwajiri. Halmashauri ya Mbulu ina idara inayoshughulikia ustawi wa jamii na ina kitengo cha mazingira. Ombi lake la kwanza na lipelekwe kwa ofisi zote mbili kwa barua moja.