Ardhi Yetu na Fedha za Norwe Huko Dakawa

Ashikaye njia ya Dodoma kutoka Morogoro hufika Dakawa, karibu na mto Wami. Mwaka 1982 serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ANC ardhi mahali hapo, ili wana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi wa rangi, hasa baada ya maasi ya Soweto ya 1976, wapate makao, masomo na kazi.

Lakini ardhi peke yake si nyumba. Miongoni mwa waliosaidia ilikuwa serikali ya Norwe. Ilitoa fedha za kodi ya raia wake, wala haikujenga yenyewe. Ilizipitisha kwa Norsk Folkehjelp, chama cha msaada kilichoundwa na wafanyakazi wa nchi hiyo mwaka 1939, nacho kikasimamia ujenzi.

Mwaka 1992, marufuku ya ANC ikiwa imekwisha kuondolewa kwao tangu 1990, Dakawa na majengo yake ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania.

Basi tusizitaje fedha za ng'ambo tu, tukasahau kipawa kilichotangulia, yaani ardhi, iliyotolewa na nchi maskini. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nasi tulioachiwa majengo yale tuyatunze, kwa maana yamebeba jasho la wengi.