Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Huenda nawe, msomaji mpenzi, umepata kwenda sinema katikati ya jiji la Nairobi au kule Westlands, ukacheka sana, kisha ukarudi nyumbani Kangemi au Kawangware na yote umekwisha kuyasahau. Leo nataka kukueleza habari za filamu iliyotengenezwa ili tukumbuke.

Mwezi wa Februari, mwaka 1984, askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia wilayani Wajir, wakidai kwamba wanatafuta silaha. Waliwapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawavua nguo na kuwalaza juani siku kadhaa pasipo chakula wala maji. Wengi walikufa kwa kiu, kwa mapigo na kwa risasi. Kwa miaka mingi serikali ilisema kwamba waliokufa ni 57 tu; waliookoka walisema ni maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika taarifa yake ya mwaka 2013, iliona kwamba walikaribia 1,000.

Je, sisi wa Nairobi tulijua? Kidogo mno. Wajir ni mbali, na sheria za hali ya hatari zilidumu huko hata mwaka 1991. Waliofiwa hawakusahau hata siku moja. Ila hapakuwa na wa kuwauliza.

Ndipo Judy Kibinge, mtengenezaji wa filamu wa Nairobi, alipokwenda kuwauliza. Mwaka 2015 alitoa filamu iitwayo Scarred, yaani wenye makovu. Humo waliookoka wanasimulia kwa vinywa vyao wenyewe. Taarifa ya tume hutupa hesabu, na hesabu ni lazima. Lakini filamu hutupa uso na sauti, na ni vigumu kumwambia mtu anayekutazama kwamba jambo lake halikutokea.

Hata hivyo, usiache akili yako mlangoni. Kila filamu huchagua la kuonyesha na la kuacha. Basi uliza: ni nani anayesema, na ni nani hakusema?

Filamu si hukumu. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa ajili ya Wagalla, na mashahidi wanazidi kuzeeka. Kwa hiyo, ukiwa na mzee nyumbani, mwulize leo, nawe uandike asemayo. Kesho huenda usimkute.